Mkia wa Rugaju

Mwaka ule watu walisema vita vimekwisha. Redio ilisema, padri alisema, hata wale waliokuja na magari meupe walisema; ni vita vyenyewe tu ndivyo vilikuwa havijaambiwa. Lakini kule kijijini Lubondja, Mama Émilienne hakuwa na nafasi ya kusikiliza redio. Alikuwa na vita vyake mwenyewe, na adui yake alikuwa kitambaa cheusi.

Kitambaa hicho alifungwa kiunoni na wamama wa ukoo siku mume wake Alphonse alipokufa kwa homa, huko porini walikokuwa wamekimbilia. Sheria ya ukoo wa Alphonse ilikuwa hivi: mjane akishafungwa kitambaa, hakifunguliwi mpaka ngoma ya ukoo ilie, imwite marehemu kwa jina lake, imsindikize mpaka ng'ambo ya maji, kwa waliotangulia. Kwa kawaida ni mambo ya miezi sita. Émilienne alikuwa ameingia mwaka wa nne.

Mwaka wa nne, wewe! Miaka yote hiyo hasuki nywele. Hakai kwenye kiti, anakaa chini kwenye mkeka, hata mgeni akija. Hauzi sokoni. Haimbi kwenye korali, na yeye ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza; tangu anyamaze, korali ya Lubondja iliimba kama watu wanaoomba radhi. Na kubwa kuliko yote, hacheki kwa meno. Mjane akichekeshwa anaruhusiwa kutabasamu, midomo ikiwa imefungwa. Sasa mchukue mwanamke ambaye kicheko chake kilikuwa kikisikika mpaka mtoni, umwambie afunge midomo miaka mitatu na nusu, uone kama hatapasuka.

Padri alishamsomea Alphonse misa zamani. Dakika arobaini, amina, mambo yakaisha. Ila Isidore, kaka mkubwa wa Alphonse na mlinzi wa ngoma, alikuwa na maelezo yake.

"Padri alimufungulia mulango," alisema. "Lakini mutu anaendaka na miguu. Miguu njo ngoma. Alphonse bado iko amekaa hapa."

"Hapa wapi, shemeki?"

"Hapa hapa kwako. Ataenda na nini?"

Émilienne hakubisha, kwa sababu moyoni aliamini hivyo hivyo. Kila asubuhi aliamka akamsalimu Alphonse, akamweleza bei ya chumvi, kisha akamgombeza kwa nini hajaondoka. Alimpenda sana yule mtu. Lakini kumpenda mtu si kukaa naye mlangoni miaka minne, yeye hali na wewe husuki.

Ngoma yenyewe iliitwa Koko, yaani nyanya wa watu wote. Ilichongwa kwenye mti mmoja mzima, unene wa pipa, na watu ambao hata Isidore hakuyajua majina yao. Ikilia, Mkatoliki anavua kofia, Mprotestanti anavua kofia, na yule asiyekwenda kanisa lolote anaazima kofia apate cha kuvua. Basi wakati wa vita Koko alipatwa na jambo. Nitafute neno gani la heshima? Koko aliliwa. Kuna wapiganaji walipita pale watu wakiwa porini, na mpaka leo hakuna upande unaokubali kuwa walikuwa wake. Walikuta kijiji hakina kuku, hakina mbuzi, hakina hata muhogo mmoja. Wakaiona ngoma. Wakaing'oa ngozi, wakailoweka, wakaichemsha siku mbili pamoja na sombe, maana majani ya muhogo ndiyo yaliyobaki, wakaila. Inasemekana matumbo yaliwanguruma njia nzima mpaka Kazimia, kule ziwani.

Isidore aliporudi kutoka porini akakuta gogo tupu, alilia kuliko alivyomlilia mdogo wake, na Émilienne alimwekea kinyongo kwa hilo. Alipofuta machozi akajaribu ngozi ya mbuzi. Koko akakohoa. Akajaribu ngozi mbili za mbuzi zilizoshonwa pamoja. Koko akatoa sauti ambayo wazee waliomba isirudiwe mbele ya watoto. Ilikuwa wazi: Koko anataka ngozi ya ng'ombe, tena dume, tena nzima isiyo na tundu. Na huku chini ng'ombe walikuwa wamekwisha. Waliobaki walikuwa milimani, kwa watu wa juu.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Kati ya Lubondja na watu wa juu hapakuwa na salamu tena. Zamani, kila kiangazi, wafugaji walishuka na ng'ombe wao kutafuta majani, ng'ombe wakala majani na mihogo ya watu juu yake, wakagombana, wakapatana, mwaka unaofuata wakagombana tena. Huo ndio ujirani. Vita vilipokuja vikauchukua ule ugomvi wa mihogo vikaupa bunduki, na watu wakafa huku na kule. Sasa kilichobaki ni soko la Jumamosi, nusu ya njia, juu ya mgongo wa kilima. Wa juu wanaleta maziwa na viazi, wa chini wanaleta mawese, chumvi na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Wananunua huku wakitazamana kwa pembe ya jicho, na saa sita kila mtu anakunja mzigo wake haraka.

"Mi naenda kule," Émilienne alimwambia Isidore.

"Mujane haendake soko."

"Mujane hauzishake. Mi siendi kuuzisha. Naenda kuomba."

"Kuomba nani?"

"Ule mwenye ngombe."

Isidore alipekua sheria zote za ukoo kichwani mwake, hakuona panaposemwa kuwa mjane asiombe. Wale wazee waliotunga sheria, Mungu awarehemu, hawakuwahi kukutana na Émilienne.

Sokoni, mama mmoja muuza chumvi alimwonyesha mtu mrefu aliyekaa nyuma ya lundo la viazi, amevaa koti zito na kofia, fimbo imelala magotini. Jina lake Kamanzi. Watu wote wa soko lile walijua kwamba dume lake lilikufa, maana alikuwa anamweleza kila anayenunua viazi, atake asitake.

"Jambo, papa."

"Jambo, mama. Viazi?"

"Hapana. Nilisikia uko na ngozi ya ngombe dume."

Kamanzi akamtazama kuanzia kitambaa mpaka uso. "Haiko ngozi," alisema. "Iko Rugaju."

Akaeleza. Rugaju alikuwa dume jekundu, pembe zake hivi, na Kamanzi akanyoosha mikono hata mama wa chumvi ikabidi ainame. Asubuhi moja ya ukungu risasi zililia, watu wakakimbia, Rugaju akateleza korongoni. Kamanzi alirudi peke yake, akashuka, akamchuna huku analia, akaibeba ngozi mgongoni na sufuria zote akaziacha.

"Muke yangu aliniuliza, umeacha sufuria? Nikamwambia, sufuria iko na jina?"

Tangu siku ile aliilalia ngozi hiyo, na hakuna aliyeruhusiwa kuikanyaga na viatu. Émilienne alikuwa amekuja na maneno matamu ya kuombea, ameyapanga njia nzima, lakini yote yalimpotea. Alimwona mtu ana msiba, tena msiba wa kweli, na hakuna hata mmoja aliyemfunga kitambaa. Akachuchumaa mbele ya viazi, akamwambia habari za Alphonse, za Koko, za miaka ile yote chini kwenye mkeka.

"Mutamupiga na fimbo?" Kamanzi aliuliza. "Rugaju?"

"Hatutamupiga. Tutamupa sauti. Sasa hivi iko kimya chini ya mugongo yako. Kwetu atalia, na batu yote batavua kofia."

Kamanzi akageuzageuza kiazi kimoja mkononi. Nadhani ni kofia zilizomshinda.

"Siku atalia mara ya kwanza," alisema mwishowe, "mi lazima nikuwe pale, nitaje jina yake. Ngombe hawezi kulia na mwenye ngombe iko anasikia, halafu ule mwenyewe anyamaze. Ni haya."

"Utataja, papa. Jina moja tu, nani atakukataza?"

Ee, mnaona? Kosa lilizaliwa hapo, na mimi nikitaka kumlaumu mtu sijui nianze na nani. Émilienne alidhani kutaja jina ni kutaja jina, unasema Rugaju, unakaa. Hakujua kwamba kwa wafugaji wale kumtaja ng'ombe ni kusimama, kuinua fimbo, na kumwaga sifa zake zote kwa sauti ya kufika bonde la pili. Naye Kamanzi hakuijua sheria ya Koko: jina la kwanza kutajwa baada ya ngoma kuamka, mwenye jina hilo ndiye anayesindikizwa. Mapigo yakishaanza hayakatizwi. Na Koko akishamvusha aliyeitwa analala, haguswi tena mpaka mavuno ya mwaka mwingine. Hakuna aliyemwambia Kamanzi haya yote. Nani angefikiri?

Isidore aliipokea ngozi kwa mikono miwili. Akailoweka, akaivuta, akaipigilia vigingi vya mti, akaiacha ikauke siku kumi na moja, na kila asubuhi alikuwa anaigonga kwa kidole na kutega sikio. Siku ya mwisho akasema, "Huyu alikuwa dume kweli." Katika Lubondja, hilo lilikuwa neno zuri la kwanza kusemwa juu ya kitu chochote cha watu wa juu tangu vita vianze.

Wageni wa juu walishuka Jumapili, baada ya misa, watu saba. Kamanzi mbele na fimbo yake, nyuma yake mkewe Nyiransengimana, mwembamba, ana mwavuli na kibuyu cha maziwa ya mgando. Kijiji kizima kilisimama mbele ya nyumba. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyekaribisha. Wengine walikuwa wanahesabu kama wageni wana silaha, na wageni walikuwa wanahesabu njia za kutokea. Émilienne akainuka kwenye mkeka wake, akaenda akawapa mkono wote saba, mmoja mmoja, akauliza habari za njia. Baada ya hapo wengine waliona aibu kubaki wamesimama.

Chakula kilikuwa bugali, sombe na ndagala. Kamanzi aliwatazama wale samaki wadogo kwenye sahani, zaidi ya mia, kila mmoja na macho mawili.

"Mama, hizi zote ziko naniangalia."

"Kula, papa. Hazitakumbuka sura yako."

Akala watatu, kwa ushujaa. Isidore naye akapewa maziwa ya mgando. Akameza, akafumba macho, akasema "aksanti" kwa sauti ya mtu aliyekunywa dawa ya minyoo. Wote wawili walitendeana heshima kubwa siku ile, na matumbo yao ni mashahidi.

Kisha Koko akatolewa nje. Émilienne akakaa chini mahali pa mjane, Nyiransengimana akakaa kando yake kwa sababu hakumjua mwingine. Isidore akasimama kwa Koko, na Placide, mpwa wake, akasimama kwenye ngoma ndogo, macho yamefumbwa. Mpigaji wa ngoma ndogo hufumba macho asimwone marehemu akipita. Kazi yake ni kungoja jina tu. Akilisikia, anaanza.

Isidore akapiga mara tatu.

Sauti ile! Haikuingia masikioni, iliingia kwenye nyayo, ikapanda kwenye magoti, ikafika kifuani ikakaa. Miaka minne Lubondja haikuisikia. Kofia zote zilivuliwa, za chini na za juu. Émilienne akashika kifua, akasema kimoyomoyo, Alphonse, jitayarishe, funga kamba za viatu. Isidore akaweka fimbo chini, akasafisha koo ili aliite jina la mdogo wake.

"RUGAAAAJU!"

Kamanzi alikuwa ameruka hewani. Fimbo juu, koti wazi, machozi yanatiririka. Alikuwa ameisikia sauti ya dume lake, na yaliyobaki hakuyajua. Akamwaga sifa kwa lugha yake, haraka haraka, mfululizo bila kupumua: Rugaju mwekundu, Rugaju asiyerudi nyuma, Rugaju wa pembe za kuzuia mlango. Na Placide, macho yamefumbwa, kijana mwenye nidhamu, akalisikia jina. Akaanza.

"Alama ya Mungu!" alisema Isidore, lakini mikono yake ilikuwa tayari imeokota fimbo na inapiga, maana mapigo yakishaanza hayakatizwi. Ukikatiza, aliyeitwa anabaki katikati ya maji, kisha anarudi kulala kwenye nyumba ya mpigaji. Isidore aliifikiria nyumba yake, chumba kimoja na nusu, akaifikiria na mikono ya Kamanzi ilivyokuwa ikionyesha zile pembe. Akapiga kwa nguvu zaidi.

"Rugaju njo nani?" alimkaripia Placide kwa mnong'ono, mikono inaendelea.

"Sijue, mujomba. Nimesikia jina, nimepiga."

"Njo ngombe!"

"Ngombe gani?"

"Ile uko naona hapa! Ile niko napiga!"

Placide akafungua jicho moja, akaitazama ngozi, akalifumba tena.

Wamama wazee hawakungoja maelezo. Walikuwa na machozi ya miaka minne, na jina limeshatajwa. "Iyoo, Rugaju, umetuacha na nani!" alilia mmoja. "Rugaju, mutoto muzuri!" Bibi mmoja kipofu alijitupa chini akagaagaa, akauliza marehemu alikuwa mtoto wa nani, akaambiwa wa Kamanzi, akagaagaa tena. Wale wageni sita wengine walitazamana. Walikuwa wameambiwa mengi juu ya watu wa Lubondja, lakini hakuna aliyewaambia kwamba wanamlilia ng'ombe vizuri namna hii. Mmoja wao alianza kupiga makofi.

Ni Émilienne tu ambaye hakumlilia Rugaju. Alielewa yote mara moja: Koko anamvusha ng'ombe, Koko atalala, na yeye atarudi kwenye mkeka mwaka mwingine mzima. Alphonse atabaki mlangoni anaangalia ng'ombe anapita. Alitaka kumchukia Kamanzi, akamtazama, akaona anavyolia, akashindwa. Akajichukia mwenyewe. Si ni yeye aliyesema utataja, jina moja tu?

Kamanzi sasa alikuwa anainama, mkono mmoja nyuma, anavuta miguu kama mtu aliye kwenye maji ya kifuani.

"Anasema nini?" Émilienne alimuuliza Nyiransengimana.

"Anasema vile Rugaju alikuwa navusha batu mutoni, wakati wa mvua. Moja anashika mukia, mwengine anashika ule wa mbele, na mwengine, na mwengine. Hakuna hata moja alimuacha kwa maji."

Émilienne alisimama. Mjane hasimami Koko akisema, lakini alisimama, akapiga kelele ambayo alikuwa ameifungia mdomoni miaka yote ile.

"Isidore! Nani alisema Rugaju anaenda peke yake? Alphonse ashike mukia!"

Mapigo yaliyumba kidogo, yakashikana tena. Isidore akapekua sheria kichwani, safari hii mikono ikiwa kazini na jasho likimwingia machoni. Jina la kwanza ndilo linalosindikizwa, ndiyo. Lakini hapakuwa na sheria iliyosema aliyesindikizwa asiwe na mtu nyuma yake.

"Uliza mwenye ngombe!" akajibu.

Kamanzi alikuwa ameshusha fimbo. Émilienne alimweleza jambo lote kwa maneno machache, naye alivyosikia alishika kichwa. Hakuwa amejua kabisa. Lakini suala la mkia alilichukua kwa uzito wake, kama mtu anayeulizwa kuoza binti.

"Mama, bwana yako alijua ngombe?"

Mbele ya Koko hakuna anayesema uongo. "Hapana, papa. Alikuwa naogopa. Kuko siku moja kule mujini Baraka ngombe moja alimuangalia tu. Alphonse akaingia kwa fundi wa kushona, akajifanya amekuja kupimwa suruali, mpaka ngombe akapita. Ile suruali njo tulimuzikia."

Watu walicheka, hata waliokuwa wanamlilia Rugaju. Kamanzi hakucheka.

"Basi hataweza. Rugaju hakubali mugeni mwenye woga. Lazima kukuwe mutu mbele yake, mutu Rugaju anamujua."

Ngoma ziliendelea. Placide alikuwa anahema.

"Aimable," alisema Nyiransengimana.

Alilisema polepole, amekaa bado, mwavuli mikononi. Kamanzi aligeuka kama aliyepigwa. Aimable alikuwa mtoto wao. Ndiye aliyemlea Rugaju tangu akiwa ndama, akalala naye, akamfundisha kuvuka mto. Mwaka wa pili wa vita aliteremka upande wa ziwa na hakurudi. Hawakupata mwili, hawakupata habari, na kwa sababu hawakupata habari walikuwa wanaendelea kumngoja, na mtu anayengojwa haombolezwi. Kamanzi alikuwa ameeleza soko zima msiba wa ng'ombe wake, kila Jumamosi, na jina hilo la pili hakuwahi kulitia mdomoni.

Hakuna aliyeuliza Aimable alikufia wapi. Kila mtu pale Lubondja aliogopa kwamba labda kuna mwenye jibu.

"Aimable mbele," Kamanzi alisema. "Anajua njia. Bwana yako ashike mukia. Mutoto yangu atamufundisha asiogope."

Isidore akaita kwa nguvu zote: "Rugaju! Aimable kwa kichwa! Alphonse kwa mukia!" Na Koko akajibu.

Basi ungeona. Mama wa pili akasimama: "Na Chérie yangu amushike Alphonse!" Mzee mmoja: "Na Eugène!" Mmoja wa wageni akataja kaka yake, mwingine akataja wawili. Nani hakuwa na mtu? Walikufa porini, njiani, kwenye maji, na ngoma ilikuwa imeliwa. Majina ya chini na majina ya juu yakapangwa nyuma ya mkia mmoja, na Isidore akayaita yote mpaka koo likakauka.

"Inatosha! Hii ni ngombe, haiko boti ya Kazimia!"

"Ongeza moja, papa! Ni mwembamba huyu, hana kilo!"

Mtu mmoja alitaja jina la mama mkwe wake. "Ule bado anaishi!" Isidore alifoka. "Iko mugonjwa sana," mtu yule alijitetea, akavutwa shati akakalishwa. Mikono ya Placide ilipovimba, mgeni mmoja wa juu akachukua fimbo, akapiga mapigo ya kanisani kwao, ambayo hayakuendana kabisa. Isidore alimkodolea macho, kisha akayafuata, maana angefanya nini? Jua lilikuwa limeanza kuinama Koko aliponyamaza.

Wamama wakamchukua Émilienne mpaka kijitoni kumfungua kitambaa. Yeye alikuwa amelingoja fundo hilo miaka mitatu na nusu, alikuwa amepanga hata kicheko atakachocheka. Wakashika fundo, naye akawashika mikono.

"Mungoje kwanza," alisema. Kisha akasema wazi, "Naogopa. Nikivua, ameenda kweli."

Hawakumharakisha. Alisimama majini, akalia, akasema jina la Alphonse, halafu akalifungua fundo kwa vidole vyake. Kitambaa kilikuwa kimepauka, si cheusi tena, ni rangi ya majivu. Hakucheka. Alipumua tu.

Nyiransengimana alikuwa amewafuata nyuma, amesimama ukingoni na mwavuli wake. Alitazama mpaka wakamaliza.

"Na miye," akauliza, "nitavua nini?"

Kanisani kwa kina Nyiransengimana hakukuwa na kitambaa, na tangu Aimable apotee hakuna aliyemwambia kaa chini, lia, sisi tutapika. Émilienne akatoka majini. Akamzungushia kile kitambaa kiunoni, kimelowa vile vile, akakaza fundo jinsi alivyokazwa yeye.

"Lia," alimwambia. "Jua ikifika kwa kilima pale, nitakufungulia."

Nyiransengimana akaweka mwavuli chini, akakaa kwenye majani, akaanza kumwita mwanawe. Émilienne akakaa kando yake, akamshika mkono, akaangalia jua. Likafika kilimani, likapita. Hakumfungulia. Alimwacha alie mpaka alipomaliza mwenyewe.